Barua ya kirafiki kwa Kiingereza: uanze na mapengo, ubao au bahasha?

Nafundisha Kiingereza cha mwanzo hapa Kisumu, kwa makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Mchana niko na gredi ya 4, watoto sitini na kitu katika chumba kimoja. Jioni, siku tatu kwa wiki, niko na watu wazima. Wenyewe hujiita ngumbaru, na hulitamka neno hilo kwa fahari: akina mama wanaouza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, vijana wa bodaboda wa Kondele na Manyatta, fundi cherehani mmoja, na mzee aliyestaafu kazi ya ulinzi. Makundi haya mawili hukutana mahali pamoja tu katika mwaka mzima, nayo ni pale tunapofika kwenye barua ya kirafiki.

Walimu wanaoanza kazi huniuliza waingilie wapi. Njia ninazozijua kwa kuzitumia ni tatu. Kuna barua ya mapengo, ambapo mwalimu anaandika barua nzima, anaondoa maneno fulani, na mwanafunzi anajaza. Kuna kuandika pamoja ubaoni, ambapo darasa linasema na mwalimu anaandika mpaka barua moja inatoka kwa vinywa vya wote. Na kuna barua ya bahasha, ile inayoandikwa kwa mtu aliye hai, ikatumwa, na jibu likarudi.

Iko pia ya nne, kunakili barua ya mfano na kuikariri, lakini hiyo sitaipima na hizi. Ni urithi wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao ulimpa mtoto dakika 40 kuandika insha ya alama 40, na walimu wengi tuliona usalama uko katika kumkaririsha mwanzo mtamu na mwisho mtamu. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Desturi yake bado iko nasi, na mtoto aliyekariri barua ya kumwalika rafiki kwenye sherehe huiandika hiyo hiyo hata akiambiwa atoe pole ya msiba. Nimeisoma barua ya namna hiyo.

Mwanafunzi huja na nini mkononi

Kabla ya kuchagua njia, angalia mzigo aliokuja nao mwanafunzi wako. Wa kwetu huja akiwa ameshajua barua ya kirafiki ya Kiswahili, na hiyo ni faida kubwa. Anwani ni moja tu, juu upande wa kulia, bila jina la mwandishi. Tarehe iko chini yake. Kisha mwanzo, mwili, hitimisho na jina. Kiingereza tunachofundisha Kenya hufuata umbo lilo hilo, na tarehe huanza na siku ndipo mwezi. Anwani ukiipanga kwa ngazi au ukiipanga wima, yote ni sawa mradi mwanafunzi asianze kwa ngazi akamalizia wima.

Shida iko kwenye salamu. Barua ya Kiswahili inapenda salamu ndefu: pokea salamu sufufu, idadi yake kama majani ya chai ya Kericho, mimi huku mzima, hofu ni kwako tu. Ni maneno mazuri, na simkatazi mtu kuyaandika kwenye Kiswahili chake. Lakini yakivushwa kwenda Kiingereza yanazaa "Receive a lot of greetings" na "Back to me, I am fine", na karatasi inafika nusu kabla ya jambo lenyewe kutajwa. Kiingereza cha barua kinataka mstari mmoja wa salamu, wa pili ukizidi, kisha sema lililokufanya ushike kalamu.

Kuna pia sauti za nyumbani zinazoingia kwenye maandishi. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo "I wish" hutoka "I wis". Baadhi ya wanaoongea Kiluhya huchanganya p na b, na "happy" inaandikwa "habby". Sikimbilii kuyarekebisha haya siku ya kwanza ya barua. Mwanafunzi akiona kila neno limepigwa mstari mwekundu, barua inayofuata atakuandikia mistari mitatu tu, yenye maneno yale anayoyaamini.

Barua ya mapengo

Kwa darasa la watoto sitini na kipindi cha dakika 35, hakuna njia inayomaliza kazi kama hii. Unaandika ubaoni au kwenye manila:

Dear ______,
How are you? I am fine. On Saturday I went to ______ with ______. We saw ______. I liked it because ______.
Your friend,
______

Kila mtoto anamaliza. Hata yule ambaye tangu muhula uanze hajaandika sentensi moja kamili ya Kiingereza anarudi nyumbani na barua nzima daftarini, na usimdharau mtoto huyo anapokimbia kumwonyesha nyanya yake. Mwalimu naye anapona. Barua huru huchukua dakika nne kusahihisha ukiwa mwepesi, na kwa watoto sitini hizo ni saa nne. Ya mapengo ni dakika moja, yaani saa moja kwa darasa zima.

Uteuzi wa mapengo una ujanja wake. Niliwahi kuandika "My mother is a ______" nikitarajia nesi, mkulima, mwalimu. Mtoto mmoja akajaza "sick". Mama yake alikuwa mgonjwa kweli, na alikuwa amesema ukweli ndani ya pengo langu baya. Tangu siku hiyo huacha pengo mahali ambapo neno lolote la kweli litakaa: jina la mtu, mahali, kitu kilichoonwa, sababu. Vijineno vya sarufi siviondoi, maana kuondoa "a" au "the" ni kugeuza barua kuwa zoezi la sarufi lililovikwa nguo za barua.

Kasoro ya njia hii ni kwamba inaficha maswali. Pengo linajazika bila mtu kuelewa, na barua zinatoka mapacha. Mwaka mmoja nilitoa mfano wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, basi karibu darasa zima likaenda Dunga Jumamosi ile ile na kuona viboko wale wale. Jambo zito zaidi, mtoto aliyejaza "Dear Akinyi" hajapata nafasi ya kuuliza hilo "Dear" ni nini. Hilo nililijua siku nilipolipeleka darasa la jioni ubaoni.

Kuandika pamoja ubaoni

Nilianza na swali moja: tunamwandikia nani? Watu wazima hawana mchezo na swali hilo. Kijana mmoja wa bodaboda akasema anataka kumwandikia mama mkwe wake aliye Siaya, kumshukuru kwa kumtunza mtoto wake alipokuwa na homa. Darasa likakubali. Nikageukia ubao, nikaandika "Dear Mother", na kabla sijaweka koma nikasikia kiti kikisogea.

"Mwalimu, hapana. Hilo neno siwezi."

Nilidhani hajui kulisoma. Alilijua vizuri, na ndiyo sababu alikataa. Kwake "dear" ni neno la wimbo wa mapenzi, neno la ujumbe wa usiku kwa msichana, na mama mkwe kwa Mjaluo ni mtu ambaye hata kukaa naye meza moja kuna heshima yake na mipaka yake. Darasa zima likawa upande wake. Mzee wa ulinzi akasema kwa upole kwamba Wazungu huenda wana yao, lakini yeye hawezi kumwita mama wa mkewe mpenzi.

Tulitumia sehemu kubwa ya kipindi hapo, na sijutii. Niliwaonyesha kwamba "Dear" ni neno hilo hilo liendalo kwa mwalimu mkuu, kwa meneja wa benki, hata kwa mtu usiyemjua unayemwita "Sir". Ni kama kubisha hodi. Mtu anapobisha hodi hajasema anampenda mwenye nyumba, amesema tu kwamba yuko mlangoni. Kijana akafikiri, akaniambia niandike, lakini niongeze "respected" mahali fulani ndani ya barua. Tukaliweka kwenye mstari wa shukrani, likakaa vizuri.

Hiyo ndiyo nguvu ya ubao. Maswali yanatoka kwa sababu sentensi inazaliwa mbele ya macho ya watu, na kila mmoja anaweza kuisimamisha. Siku nyingine watoto wa gredi ya 4 walitaka kusema kwamba walinyeshewa wakitoka shuleni. Mmoja akasema "The rain beat us." Mwingine akasema mvua haina mikono. Nikauliza: tunataka msomaji ajue nini? Kwamba mvua ilinyesha, na kwamba tulilowa. Basi waseme hivyo tu. Ikawa "It rained and we got wet." Sentensi saba za namna hiyo kwa watoto hawa ni barua.

Walimu hubishana kama uandike kosa la mwanafunzi ubaoni lilivyo au ulirekebishe unapoandika. Kwa wanaoanza, mimi hurekebisha papo hapo na kulisoma kwa sauti likiwa sahihi, bila hotuba. Wakisema "We are stay near the lake", mkono wangu unaandika "We live near the lake", mdomo wangu unasoma, tunaendelea. Huacha kosa moja tu kwa makusudi, la kurudia mwishoni pamoja nao. Ukiyaacha yote, mtoto wa dawati la nyuma anayaingiza daftarini kama yalivyo, na utakutana nayo mwezi ujao.

Udhaifu wake nao si mdogo. Wale wenye sauti hubeba barua, wanyamavu hujificha nyuma yao. Katika chumba cha sitini walio nyuma hawaoni vizuri na huanza mazungumzo yao. Tena barua ikimalizika ni ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu.

Dawa niliyoipata ni dasta. Barua ikishakamilika, tunaisoma pamoja mara mbili. Kisha nafuta jina la mahali, tunaisoma tena, nao wanaweka mahali pengine. Nafuta kitendo, wanaweka chao. Nafuta mstari mzima na kubakiza neno la kwanza tu. Baada ya raundi ya tano ubao ni mapengo matupu, na kila mwanafunzi ana barua kichwani ambayo imeanza kuwa yake. Hapo ndipo tunafungua madaftari. Haya ni mapengo vile vile, lakini wanafunzi wameyaona yakichimbwa na wanajua ndani yake mlikuwa na nini. Tangu nilipoanza kufanya hivyo, mtoto akishindwa kujaza ananiuliza neno. Zamani angemnakili jirani.

Barua ya bahasha

Hii ndiyo yenye kazi nyingi na yenye faida nisiyoipata kwingine. Mwalimu rafiki yangu anafundisha upande wa Luanda, barabara ya Busia ukishapita Maseno. Darasa lake na langu huandikiana. Barua zinatiwa kwenye bahasha kubwa ya kaki, bahasha inapewa kondakta wa matatu asubuhi, na saa sita mwenzangu ananipigia kusema zimefika. Posta nayo inafaa kama una muda, na kumfundisha mtoto kuandika sanduku la posta na namba ya mji, 40100 kwa Kisumu au 50100 kwa Kakamega, kuna maana zaidi akijua bahasha itabandikwa stempu kweli.

Faida yake nitaieleza kwa mtoto mmoja. Alikuwa akiandika "he" kwa kila mtu, mwanamume au mwanamke. Kosa hili lina mizizi: Kiswahili kinasema "anapika" na Dholuo inasema "otedo", na hakuna hata moja inayotaka kujua kama mpishi ni wa kike au wa kiume. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imelizungushia "he" lake muhula mzima bila mafanikio. Akaandika kwenda Luanda: "My sister is in Form 2. He likes netball." Jibu likarudi na mstari mmoja: "Is your sister a boy?"

Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaja mezani kwangu na daftari kuniuliza tena ile habari ya "she". Wiki zilizofuata nilimwona akisimamisha kalamu kabla ya neno hilo, anafikiri, ndipo anaandika. Rafiki ambaye hamjui alikuwa amemfundisha kwa mstari mmoja.

Lakini njia hii ina mahali pa kuvunjika. Mwaka mmoja nilichelewa, nikatuma barua wiki ya mwisho ya muhula wa pili, na shule zikafungwa Agosti kabla majibu hayajaandikwa. Watoto walifungua shule wakiuliza barua zao, na wengine walikuwa wameshakata tamaa. Sasa hutuma kabla ya wiki ya nne. Husoma kila barua kabla ya kutoka, na tunatumia anwani ya shule tu, bila namba ya simu wala mahali mtoto anapoishi. Mtoto ambaye mwenzake hakujibu, ninamjibu mimi, kwa jina langu, wala sijifanyi rafiki wa Luanda.

Usianze na bahasha kwa watoto ambao hawajawahi kuandika sentensi tano. Wataogopa, au barua zitakuwa na mistari miwili, na darasa la pili litapoteza hamu ya kujibu.

Basi uchague ipi

Ukiwa na darasa kubwa na vipindi vitatu tu vya barua kwa muhula, chukua ubao kipindi cha kwanza na cha pili, ufute kama nilivyoeleza, na cha tatu kiwe cha kuandika. Mapengo ya karatasi uyaweke kwa wale wachache ambao bado wanahitaji kushikwa mkono, na uyapunguze kila mara: leo neno, kesho kifungu, kesho kutwa mwanzo wa sentensi tu. Mwalimu anayenakili mapengo yale yale mwaka hadi mwaka hamsaidii mtoto, na nasema hivyo nikiwa nimefanya hivyo miaka mingi.

Ukiwa na watoto walio mwaka wa kwanza wa kufundishwa masomo kwa Kiingereza, yaani gredi ya 4, baada ya miaka mitatu ya lugha ya nyumbani au Kiswahili, wape mazungumzo kwanza. Barua isiyosemeka haitaandikika.

Wanaojiandaa kwa mtihani wa sekondari wana haja nyingine. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza hufungua kwa uandishi wa kiutendaji wa alama 20, na barua ni mgeni wa mara kwa mara pale. Kwao umbo lina uzito: anwani moja ya kirafiki, mbili za rasmi, na "Yours faithfully" isije ikaonekana kwa rafiki. Mapengo hufundisha umbo haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kwa anayeanza, umbo ni kipindi kimoja, si muhula.

Kwa watu wazima sina shaka yoyote. Nenda ubaoni siku mbili, kisha bahasha. Watu hawa wana wa kumwandikia. Simu imechukua karibu mazungumzo yote, lakini shule za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo mzazi aliye na mtoto bweni ana sababu ya kweli ya kuandika barua leo hii.

Mama mmoja wa omena aliandika kwa binti yake. Alianza na "Dear my daughter", maana kichwani alikuwa na "mpendwa binti yangu" na alikuwa anayapanga maneno yale moja moja. Tukaligeuza likawa "My dear daughter". Mistari sita. Bei ya omena imepanda, kaka yako amepona, soma kwa bidii, nitakuja siku ya kutembelea. Ilimchukua jioni mbili. Aliifuta mara nyingi hadi karatasi ikatoboka karibu na neno "visiting", akaomba karatasi nyingine, akaanza upya kwa biro.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kwenye karatasi ya miraba iliyochanwa kutoka daftari la hisabati. Alikuja nalo darasani likiwa limekunjwa ndani ya leso, akaomba nisome, kisha akanizuia, akalisoma mwenyewe kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Chini kabisa binti alikuwa ameuliza: "Mum, who wrote this letter for you?"

Darasa likapiga makofi. Yeye hakungoja. Alivuta daftari, akaandika "My dear daughter", akaweka koma mahali pake, akasimama hapo kwenye mstari wa kwanza na kunitazama.

"Mwalimu, 'myself' ni neno moja au mawili?"